Yah: Kuenguliwa kwa Binti Yetu kwa Kosa la Kusukumwa Mlimani

Umoja wa Waendesha Baiskeli,
Ruaruke, Kibiti.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Baiskeli za Mlimani,
Umatumbini.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam alaikum. Sisi huku ni wazima, miguu imeshapoa, na baiskeli zote zimerudi salama isipokuwa kengele moja iliyobaki kwenye korongo lenu. Natumaini nanyi hamjambo, ingawa ukisoma mbele utaona kwamba dua hiyo sikuiomba kwa moyo wote.

Naitwa Mfaume Mwinjuma, mchukuzi wa nazi kwa baiskeli kutoka Ruaruke hadi Kibiti, na ndiye baba wa Salima, yule msichana wa hijabu ya kijani mliyemwengua akiwa amebakiza kona moja kufika kileleni. Mlitangaza wenyewe kwamba mshindi ataingia kambi ya mazoezi ya mkoa. Salima aliitaka kambi hiyo kuliko anavyotaka kula. Sasa yupo nyumbani. Kila asubuhi ananipa shikamoo, ananiwekea chai, halafu anaondoka zake. Angenuna kwa kelele ningejua la kufanya. Hili la kimyakimya limenishinda, kwa hiyo naandika.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo:

1. Mlima. Tangazo lenu lililobandikwa sokoni Kibiti lilisema "mlima wa wastani". Sisi mlima tulionao ni Daraja la Mkapa. Pale Ndundu, barabara inapoinuka kuingia darajani, ndipo Salima alipofanyia mazoezi, akipanda na kushuka mpaka madereva wa malori wakamzoea wakawa wanampigia honi za salamu. Tulipoutazama mlima wenu kutoka chini, shemeji yangu Haidari, mjomba wake Salima, aliuliza kama ile ni barabara au ni ukuta uliochorwa barabara. Wastani wa nini na nini? Mngesema kweli, tungekuja na moyo mwingine.

2. Baridi. Tulikuja kundi zima kwa baiskeli, tukavuka mto, tukanywa chai Nyamwage, tukafika kwenu jioni na kupiga kambi mahali mlipotuonyesha. Tulifunga vyandarua juu ya baiskeli, maana kwetu sisi adui wa usiku ni mbu. Kwenu mbu wenyewe wamehama kwa baridi. Haidari alilala ndani ya gunia la nazi, akaamka na nyuzi za katani kwenye ndevu, na mjumbe mmoja wa kamati yako akacheka. Haidari anataka jina la mjumbe huyo, kwa wema kabisa.

3. Kosa lenyewe. Hapa naomba ukae vizuri.

Huku kwetu njia ni za mchanga. Mtu akija na baiskeli yake, nazi nyuma, nazi mbele, akafika penye mchanga mzito, yeyote aliye karibu anaacha alichoshika na kwenda kumsukuma. Haulizwi anatoka wapi wala ana ugomvi na nani. Mimi nimewahi kusukumwa na mtu niliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba. Alinisukuma mpaka penye ardhi ngumu, akanipa pole, tukaendelea na kesi. Ukimpita mtu aliyekwama bila kumgusa, habari zako zinafika nyumbani kabla yako, na mkeo anakupokea nazo mlangoni.

Sasa tumesimama kwenye kona ya mwisho. Anatokea Salima, peke yake, mbele ya wote, kasimama juu ya pedeli, uso kaukunja, mishipa ya shingo imemtoka. Bi Habiba, aliyekuwa mpishi wa msafara wetu, akasema mtoto huyo anakufa. Mlitaka tufanye nini, tupige makofi?

Tulisukuma. Mimi nilishika nyuma, Haidari akashika kiti, na Bi Habiba akamtupia kanga mbichi kichwani na kumtia kipande cha muhogo wa kuchemsha mdomoni. Mwamuzi wenu mwenye kofia ya manjano akapuliza filimbi. Tukajua anatuhamasisha, tukaongeza nguvu. Akapuliza tena. Haidari akasogea kidogo ili mwamuzi naye apate pa kushika.

4. Mwamuzi. Hakushika. Hili limetuuma kuliko yote. Mtu mzima, mikono yake miwili mizima, anamwona binti wa watu anahangaika na mlima, na yeye anahangaika na filimbi. Kisha akanyoosha kibendera na kusema Salima ameenguliwa. Sisi hatumtukani. Tunauliza tu kama wazazi wake wapo hai, na kama wapo, je, wanajua?

5. Haki. Mnasema tumempa msaada usioruhusiwa. Ndugu Mwenyekiti, Salima alikuwa anaongoza. Waliomfuata walikuwa bado wanakohoa huko chini. Mtu aliye mbele ya wote akisukumwa, amemdhulumu nani? Hata bila sisi angefika wa kwanza, kwa hiyo msaada wetu haukubadilisha chochote, na kisichobadilisha chochote hakiwezi kuwa kosa. Hoja hii nimeirudia mara nyingi njiani nikinyonga baiskeli, na sijaiona penye ufa.

Tena hatukuwa na upendeleo. Kijana aliyekuja wa pili tulimsukuma vilevile, na kanga akapata. Naye mkamwengua, na ndugu zake wakatutazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalielewa. Wa tatu alipotuona alishuka, akajitwika baiskeli begani na kupita vichakani. Haidari alimfuata, lakini alikuwa na mbio.

6. Na kama msaada ni kosa, basi tuwe wakweli tufike mwisho. Kuna waliokuja na baiskeli za gia, na gia ni msaada. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma, huo nao ni msaada. Mlima wenyewe unawasukuma wote wakati wa kushuka, na sijasikia kwamba mlima umeenguliwa.

Kwa hiyo tunaomba kamati yako tukufu ifanye yafuatayo. Kanuni ya kukataza kusukumana ifutwe, maana inafundisha watu roho mbaya. Salima apewe ushindi wake na nafasi yake kambini. Mwamuzi aletwe Ruaruke, apewe baiskeli yenye magunia ya nazi, aachwe katikati ya mchanga, na sisi wote tusimame pembeni tukimpulizia filimbi. Mwisho, ikiwa fungu litapatikana, mlima upunguzwe kidogo upande wa juu.

Tunatarajia majibu yenu kabla mvua haijatukatia njia. Tusalimie wajumbe wote, akiwemo yule anayecheka. Tusalimie akina mama waliotupa uji wa tangawizi asubuhi ile bila kutuuliza sisi ni kina nani. Hao wangezaliwa kwetu. Haidari na Bi Habiba nao wanakusalimu, na Bi Habiba anaulizia kanga yake.

Wako katika michezo,

Mfaume Mwinjuma,
Mwenyekiti wa Umoja.

Nyongeza: Barua hii nilimpa Salima aisome kabla sijaipeleka kwenye basi, nikitaka aone jinsi baba yake anavyompigania. Aliisoma yote amesimama. Hakucheka pale Haidari alipocheka nilipomsomea. Alipofika hoja ya tano alirudi nyuma akaisoma tena, kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu turudi, akasema: "Baba, kama nilikuwa mbele, mlinisukumia nini?"

Nilitaka kumwambia, Ndugu Mwenyekiti, kwamba uso wake ule uliniumiza, nikashindwa kusimama tu nikitazama. Akasema hakuwa anakufa, alikuwa anapanda, na kwamba mwaka ujao atapanda tena, mimi nikipenda au nisipopenda. Kisha akakaa, tukanywa chai pamoja mpaka ikaisha.

Kwa hiyo maombi yote ya hapo juu nayaondoa, na kanuni yenu ibaki kama ilivyo. Badala yake naomba jambo moja. Mwaka ujao mfunge kamba kwenye kona ile ya mwisho, na mimi mniweke nyuma yake, mahali ambapo nitamwona vizuri. Kamba iwe imara, na mwamuzi wa kofia ya manjano asimame karibu yangu, kwa sababu najijua. Salima akitokea na uso ule, nitakwenda.