Kilio cha Cherehani Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Albamu ya binti yangu imetoka! Nimeishika kwa mkono huu! Bendi yao inaitwa Sufuria Wima, na wimbo wa tatu ni cherehani yangu. Si utani. Alinirekodi nikishona sare, mwenyewe sina habari. Magitaa yananong'ona kwa mbali, mbele kabisa kanyagio langu: kwii-tap, kwii-tap, halafu kimya, nakata uzi. Nimelia.

Wifi yangu kaja kusikiliza, mikono kiunoni. Mwanawe anapiga tarumbeta harusini, basi hatupumui. Kaniuliza, wifi, hii ni bendi au ni kutu?

Kutu! Nimecheka ili asione nilivyoumia.

Jumanne, 5 Machi
Kutu, eh? Nimeifungua cherehani yote. Mafuta kila kitundu, hadi ikanyamaza kama imekata roho. Aje aseme tena! Akili ninayo, ni cheti tu sikupata.

Alhamisi, 7 Machi
Redioni! Mtangazaji wa muziki, yule mwenye sauti nzito, kaisifu albamu mpaka koo likamkauka. Kasema bendi nyingine huficha makelele ya nyumbani nyuma ya magitaa. Hawa wameyaleta mbele yakawa wimbo. Kasema ile kwii ndiyo roho ya albamu, na baada yake muziki wa magitaa hautakuwa ule ule. Roho! Kanyagio langu! Nimepiga vigelegele, mteja niliyekuwa nampima kiuno akajichoma pini.

Jumamosi bendi inapiga ukumbini, na mtangazaji atakuja aisikie kwii yenyewe. Ikimkolea, atawapeleka ziarani.

Binti kaja mbio kuchukua cherehani. Kakanyaga. Kimya. Kakanyaga tena. Kaniangalia. Nikamwambia mwanangu, nimeifanyia usafi kidogo. Akakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akasema taratibu, mama, umemuua mpiga solo wetu.

Nimejaribu chumvi. Nimejaribu mchanga. Inazidi kuwa na adabu!

Ijumaa, 8 Machi
Geti la wifi! Linalia vilevile, tena kwa madaha! Nimemeza mate nikaenda kuomba. Kanizungusha weee, eti leo kutu imekuwa dhahabu? Mwishowe kakubali, mradi akae mstari wa mbele. Tumeling'oa. Binti kalisukuma mara moja, kanikumbatia hadi shingo ikauma. Kasema linaishinda hata cherehani. Kaenda mazoezini akinisihi, mama, tafadhali, usiliguse.

Sijaligusa mimi. Nimemwita fundi. Geti limechakaa vile, na ukumbi mzima utalikodolea macho! Kalipaka buluu, linang'aa. Kaniuliza kama azitie bawaba grisi. Nikamwambia tena nyingi, wanaokuja ni watu wa redio.

Binti hajaliona bado. Atafurahi huyo! Nimeshawaambia wateja, majirani na mtaa wa pili wote: waje mapema, viti vitajaa, kesho Jumamosi.