Lalamiko Kuhusu Kutembea Msituni Bila Kutafuta Ng'ombe

Hirbadaw, Hanang.

Kwa shemeji yangu Loveness, mke wa mdogo wangu Tito, Arusha.

Marahaba. Najua ungeanza kwa kuniamkia, kwa hiyo naipokea shikamoo yako mapema ili tuingie kwenye shida.

Kwanza nashukuru mlivyokuja kutusalimia, ninyi na watoto na mbwa wenu Bela. Siku ile mlipotupeleka familia nzima kutembea msituni hadi jioni, mlitufumbua macho. Sikujua kwamba mwenye gari anaweza kuliegesha kwangu ili apande mlima kwa miguu, tena kwa hiari yake. Hata hivyo nina malalamiko, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Huku kwetu, watu wakiingia msituni na mbwa, ng'ombe amepotea. Hakuna sababu nyingine. Ndiyo maana jirani yetu Mzee Sylvester aliacha kupiga maharage yake akatufuata na fimbo, na nyuma yake wakaja wanawe, kisha watu wa ng'ambo ya korongo. Walipouliza ng'ombe ni wa rangi gani, ukawajibu kwa furaha kwamba tunatembea tu. Shemeji, mtu mzima hatembei tu. Waliona nina hasara kubwa hadi naificha, wakazidi kutafuta.

2. Bela alivushwa mto akiwa amebebwa, akanywa maji ya chupa kwenye kibakuli chake mwenyewe. Mbwa wangu Bosi, aliyewahi kumfukuza fisi zizini, alisimama akaangalia yote. Sasa akifika kwenye maji anakaa chini na kunitazama. Jana nilimbeba. Ng'ombe wote waliona.

3. Nyumbani kuna meza, tena ya fundi. Tuliiacha, tukapanda hadi juu ili tukae chini na kula ugali wa baridi pamoja na siafu. Sasa watoto wangu hawataki kula ndani.

4. Hili ndilo kubwa: Mama. Tangu tumzike baba alikuwa hatoki uani, na tulishazoea. Alikaa jikoni kimya, sisi tukimpelekea uji na kujisifu kwamba tunamtunza. Wewe ukamvalisha kofia ya mwanao, ukamshika mkono, mkapanda polepole hadi juu. Kule akatuonyesha malisho aliyochungia na baba wakiwa vijana, akacheka mbele ya majirani wote. Niliona aibu sana, maana nilikuwa nalia. Tangu hapo ana maoni. Anasema maziwa ninayouza yana maji. Kila asubuhi anauliza tunapanda lini tena. Nyumba ilikuwa imetulia, shemeji, na umeivuruga.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mkija tena mkae sebuleni, mnywe chai, mtazame ukuta kama wageni wengine.

Msalimie Tito, watoto, na Bela kama anapokea salamu. Mke wangu Scolastica anawasalimu. Mzee Sylvester naye anawasalimu, na bado anauliza rangi ya ng'ombe.

Ni mimi shemeji yako, niliyechoka miguu na moyo,
Isidori

N.B. Njooni Jumamosi. Mama ameivaa ile kofia tangu juzi na hataki kuivua. Mleteeni Bosi mkanda wa shingoni kama wa Bela. Kuhusu majirani msiwe na wasiwasi, watakuja wote: nimeshawatangazia kwamba ng'ombe wangu mwekundu amepotea.