Mashimo Yasiyo na Kibali

Wananchi wote wa Likuyani walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mashamba yatafagiwa kila asubuhi. Agizo lilitoka Kitengo cha Unadhifu wa Mashamba, likiwa na mihuri mitatu, na kifungu cha saba kilipiga marufuku kuchimba shimo lolote bila kibali.

Bwana Andati, mkuu wa kitengo, aliliandika mwenyewe, na kila akilisoma alisikia raha. Kwao, ua uliofagiwa ndio ulioonyesha boma lenye heshima. Hakuona kwa nini mahindi yanyimwe heshima hiyo. Shamba lake la mfano, kando ya barabara, lilikuwa na wafagiaji wawili wa kudumu.

Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mama Kageha alikuwa amechimba mashimo mia mbili, akayatia samadi, akapanda mtama, kunde na maboga kwa pamoja, kisha akafunika udongo wote kwa mabua ya mwaka jana. Andati alihesabu makosa mpaka kalamu ikaisha wino.

"Mama, hii ni takataka," alisema kwa upole wa kiserikali.

"Nyumba ndiyo tunafagianga, afisa. Shamba hatufagiangi. Hayo mashimo yanashika maji."

"Maji yako chini ya wizara nyingine."

Akampa siku kumi na nne afukie yote, la sivyo trekta la kitengo lingekuja kumsaidia. Mama Kageha alikuwa na wajukuu watano wa kulisha kutoka shamba hilohilo. Aliikunja barua, akaenda kutafuta mabua zaidi.

Mvua ikagoma. Shamba la mfano likakauka, likabaki kipara, ingawa kwa unadhifu lilipata alama mia kwa mia. La Mama Kageha likawa kijani kiasi cha kutia aibu. Ndipo simu ikaja: Katibu kutoka Nairobi angezuru shamba la mfano baada ya wiki mbili.

Andati alisimamisha trekta kwa sababu za kiutawala. Kisha aling'oa kibao cha kitengo kwenye shamba la mfano, miguu yote miwili, akakisimika kwa Mama Kageha. Jioni hiyo kikanyesha kimvua kifupi, na kesho yake wafagiaji wakafagia kama kawaida, pamoja na punje za mahindi ambazo hazikuota.

Siku ya ziara, Katibu alizunguka kwenye mtama akishangaa. Andati alimweleza mbinu zake kwa kirefu, akamtambulisha Mama Kageha kama kibarua.

"Na lile la kipara ni la nani?"

"La huyuhuyu mama, mheshimiwa. Mkaidi sana."

Katibu akavuka barabara. Kwenye ekari nzima palikuwa na miche miwili tu ya mahindi, imesimama sambamba, kila mmoja ndani ya shimo lake.

"Nani alichimba haya?"

"Ni afisa," alisema Mama Kageha, "aking'oa kibao chake. Ndiyo kazi yake ya kwanza kumea."

Katibu aliomba agizo, akalisoma polepole hadi kifungu cha saba.

"Bwana Andati, una kibali?"

Andati alijipapasa mifuko yote, hata ya shati.

Siku hizi vibali vya mashimo hutolewa na Mama Kageha. Andati ameshachimba hamsini na matatu kwenye shamba la mfano. Jana aliomba kibali cha la hamsini na nne. Mama aliinama, akapima kina cha la hamsini na tatu kwa mkono, hakikufika hata kiwikoni.

"Rudi kesho, afisa," akasema. "Na uje na samadi."