Dawa ya Samaki Asiyekuwemo

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata njia. Leo nilikuwa kwa daktari wa meno nikisubiri kung'olewa jino, nikaokota gazeti kuukuu lisilo na jalada. Chini ya tangazo la magodoro, habari fupi: ipo dawa ya homeopathi inayotokana na samaki, inatibu magonjwa ya ngozi, na karibu hakuna anayeijua. Basi, imeishia hapo. Nikasahau jino, nikarudi nalo nyumbani.

Kilichonivutia ni huko kutojulikana. Dawa inayojulikana ina wenyewe. Hii haina. Nimejiteua.

Imekuja wakati wake. Tangu ofisi yetu ifungwe naishi kwa Dada, chumba cha uani. Dada ni fundi cherehani. Mumewe ni fundi magari, na jana mezani alisema, macho kwenye sahani, kwamba chumba cha uani kingefaa sana kuwekea spea. Hakunitaja. Uzuri ni kwamba Shemeji ana ukurutu mikononi. Ngozi imepasuka, inabanduka magamba, akishika kikombe cha chai anakunja uso. Nikimponya, ataanzia wapi kunitoa?

Jumanne, 5 Machi

Homeopathi nimeielewa. Sikuamini ilivyo rahisi. Kinachokudhuru ndicho kinachokuponya, mradi kiwe kidogo, na kadiri kinavyopungua ndivyo kinavyopata nguvu. Unaloweka kitu kwenye spiriti. Unachukua tone, unatia kwenye chupa ya maji, unatikisa. Tone la hiyo unatia kwenye nyingine. Unakwenda hivyo hadi kitu chenyewe kimekwisha kabisa, na hapo dawa imekomaa. Ofisini kwetu mishahara ilitengenezwa hivyohivyo, ila haikutuponya.

Gazeti halikusema samaki gani. Nikatumia akili: mgonjwa anabanduka magamba, basi na samaki awe na magamba. Muuza samaki akauliza nataka wa kukaanga au wa mchuzi. Nikamwambia simpiki, nataka kumpunguza. Akadhani nasema bei, tukabishana bure.

Sasa yumo kwenye chupa kubwa ya Dada, vipande vipande, chini ya kitanda changu. Spiriti haikutosha, nimejazia maji ya bomba.

Alhamisi, 7 Machi

Paka wa mtaa mzima wako mlangoni kwangu. Nachukulia kuwa dalili njema.

Leo nimetikisa. Kutikisa kwenyewe si mchezo: chupa lazima igongwe kwenye kitu laini, kwa kishindo, tena na tena. Nimetumia mto wangu. Dada akaja mbio na mkasi mkononi, akauliza nampiga nani. Nikasema namtengenezea mumewe mikono. Akanusa, akaondoka.

Tatizo moja. Chupa zote zinafanana, kwa kuwa zote ni maji. Nimezibandika majina: Kali, Kali Zaidi, Kali Mno. Ile ya mwanzo, nyeusi, nzito, yenye samaki mwenyewe, kwa hesabu ya homeopathi ndiyo isiyo na nguvu. Nimeibandika jina: Dhaifu. Nimeizibua kidogo nikaiziba tena haraka, kizibo nimekigongomea kwa kiatu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimevuka barabara kwenda kwa mfamasia kutafuta vichupa vya matone. Mama huyu akinisikiliza huvua miwani, kama mtu asiyetaka kuona zaidi ya anachosikia. Akauliza dawa yangu ina nini. Nikasema samaki. Kiasi gani? Nikasema kwa fahari: hamna hata chembe. Akaiinua Kali Mno kwenye mwanga wa dirisha.

"Kaka, haya ni maji."

Nikamwambia ni maji yaliyokutana na samaki. Akasema hajui maji ambayo hayajakutana na samaki. Jibu zuri nililipata, lakini nilikuwa nimeshavuka barabara.

Akanipa ushauri ambao sikuuomba: nimwambie Shemeji aache kunawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga, avae glovu kazini, ajipake mafuta. Wivu wa kibiashara huo. Hata hivyo, nimefikiri, petroli inaweza kuvuruga nguvu ya matone. Nimeiweka kwenye masharti ya dawa yangu, pamoja na glovu. Na mafuta. Masharti ni yangu sasa, na Shemeji ameanza matone usiku huu.

Jumatano, 13 Machi

Imekubali.

Shemeji ameingia mchana huu kutoka gereji, akanipa mkono. Tangu nihamie hapa hajawahi. Ngozi imefunga, wekundu umefifia. "Shemeji," akasema, "juzi mkono huu ulikuwa haukazi hata nati." Tukawa wanaume wawili wazima tumeshikana mikono tukitazama kalenda ya ukutani.

Dada anasema ni kuacha petroli. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu hawezi kupona kwa kitu ambacho hakukitumia. Akanitazama mimi, akaitazama chupa yangu, akarudi kwenye cherehani.

Jambo dogo la pembeni. Mikono yangu mimi imeota vipele kuanzia vidole hadi viwiko, inawasha ajabu. Nadhani ni kumshikashika yule samaki na spiriti. Nimekunywa Kali, Kali Zaidi, na Kali Mno. Nimekwenda haja ndogo mara nyingi. Zaidi ya hapo, sijaona kitu. Mganga hajigangi, hilo linaeleweka, lakini siwezi kuwa tabibu wa ngozi huku najikuna kama kuku. Navaa mikono mirefu kwenye joto hili.

Nimekwenda tena kwa mfamasia. Nikasema nina rafiki anawashwa. Akaniomba nimwonyeshe mikono ya rafiki. Ameniuzia mafuta ya kupaka, na kwa kweli nimepata nafuu, lakini mafuta haya nayatumia kuiandaa ngozi tu. Kazi yenyewe ni ya matone.

Ijumaa, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Harusi kesho. Dada ameshona gauni hilo kwa wiki nyingi, lulu mojamoja, hata macho yamemvimba. Ni la binti wa mama mwenye nyumba, na Dada alishasema likipendeza, nusu ya mji itakuja kushonesha kwake, na likiharibika itakwenda kwingine.

Nikasikia kilio. Shingo ya bibi harusi imetoka ukurutu, duara nyekundu shingo nzima. Anasema atasimama mbele ya watu kama kuku aliyenyonyolewa, shela lenyewe halifiki huko. Dada akamwambia avue kwanza huo mkufu aliopewa na mchumba, tangu auvae ndiyo yameanza. Bibi harusi akasema mchumba ataudhika.

Nikaingia. Nikajieleza. Shemeji wangu ni shahidi, nikasema. Bibi harusi akafuta machozi, akasema, "Daktari, nisaidie." Nikageuka kuona nani amesimama nyuma yangu. Hakuwepo mtu.

Hapa nataka ieleweke kwamba nilitumia busara. Harusi ni kesho, binti ni mwembamba, Kali Mno ingeweza kumwangusha. Nikaamua kumwanzishia iliyo salama kuliko zote. Nikaenda kuleta Dhaifu.

Kizibo kikagoma. Nikaikumbatia chupa, nikavuta. Kumbe mle ndani samaki alikuwa anachacha siku zote hizi. Kizibo kikaruka hadi darini, na Dhaifu ikatoka yote kwa mkupuo, ikatua kifuani mwa gauni, ikashuka hadi pindoni.

Bibi harusi alikaa chini polepole, katikati ya lulu na samaki. Paka akaingia kupitia dirishani. Dada aliweka sindano mezani, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mdogo wangu, toka nje." Angenipiga ingekuwa nafuu.

Nilikaa uani. Nikamwona Shemeji akiwasha gari kwenda kutafuta kitambaa kingine. Nikamwona mfamasia akivuka barabara na siki na mafuta ya kupaka, duka ameliacha wazi. Nyuma ya pazia nikasikia mkasi: Dada anaikata kazi yake mwenyewe. Nilisogea mlangoni nikaanza kusema samahani. Bila kunitazama akanyoosha mkono uliojaa pini. Nikazishika. Nimezishika mchana kutwa, na hakuna aliyenisemesha, na sikujikuna hata mara moja.

Jumamosi, 16 Machi

Bibi harusi ametoka. Kifua cha gauni ni kipya, kimekatwa kwa mtindo ambao haujaonekana mtaani, na doa la chini limeoshwa kwa siki. Mkufu umebaki mezani kwa Dada, shingo imepakwa mafuta, wekundu umefifia kiasi kwamba poda imeumaliza. Wanawake waliokuja kumchukua walimzunguka, wakauliza nani ameshona. Wawili walipita karibu naye, wakanusa, wakatazamana, wakadhani ni manukato ya ng'ambo.

Gari lilipokata kona Dada alilia. Shemeji alimshika bega kwa mkono ule uliopona. Nilitaka kuwakumbusha umepona kwa nini. Nikanyamaza. Najua wakati.

Jumatatu, 18 Machi

Spea zimehamia kwangu tangu asubuhi. Shemeji amezipanga kwa adabu, ameniachia upenyo wa kupita hadi kitandani. Wanawake wanne wamekuja kwa Dada kutaka kifua kama kile. Ameanza kunisemesha tena, ingawa ni neno moja tu: kazi. Mfamasia anamtafuta mtu wa kupanga rafu na kupokea mizigo. Dada ameshanisemea. Nimesema nitafikiri.

Na nimefikiri kweli, nimelala chali katikati ya ekzosi mbili. Watu wote wanailaumu homeopathi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni chupa ipi iliyoleta madhara. Kali haikumdhuru mtu. Kali Mno haikumdhuru mtu. Balaa lote lilitoka kwenye chupa iliyokuwa na samaki.

Kosa limeonekana. Samaki alikuwa mwingi mno. Awamu ya pili naanza bila samaki kabisa. Kesho nachukua ndoo, naenda kutafuta maji ambayo samaki hajawahi kuyafikia, nayapunguza kuanzia hapo.