Sanamu ya Udongo Iliyofanana na Mama Hawa

Jumatatu, 7 Julai
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba binadamu alilima kwanza, akafinyanga baadaye. Sivyo! Wajapani wa kale, wawindaji na wavuvi wasio na mashamba, walifinyanga vyungu zaidi ya miaka elfu kumi na nne iliyopita, kisha wakavichapa nakshi za kamba. Nimefundisha historia hapa Kasongo maisha yangu yote, na sijapata mtu wa kumweleza hayo hadi mwisho. Wote hukumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kufunga.

Jumamosi shule ya mapadri ina maonyesho. Prefe, mkuu wa shule hiyo, atachagua mwalimu mstaafu mmoja azungumze: mimi au jirani yangu Kamaldine. Kamaldine ana ubao wa mlango wa babu yake, na hotuba ileile ya kila mwaka. Mimi nitaleta Japani! Nikikosa safari hii, hakuna atakayeniita tena. Kukaa siwezi. Nimeshuka mtoni kutazama udongo, nikarudi, nikashuka tena.

Jumanne, 8 Julai
Nimefinyanga. Si chungu: sanamu ya mwanamke, kama walizofanya wao. Macho makubwa yaliyovimba, yenye mstari katikati. Nyonga pana. Mke wangu Faridah alipita, akasimama, akasema: "Mungu wangu, Mama Hawa!" Mama Hawa ni mke wa Kamaldine. Nikamweleza kwa upole kwamba macho yale ni ya Kijapani. Akauliza hao Wajapani walimwonea wapi Mama Hawa.

Jumatano, 9 Julai
Nimeichoma kwa nyasi na kuni kavu. Imetoka nzima! Hapo ndipo tatizo. Sanamu za aina hii huchimbuliwa nyingi zikiwa zimevunjika, na wataalamu wengine hudhani zilivunjwa makusudi, labda ili zibebe ugonjwa wa mtu. Sanamu nzima ni elimu nusu. Nikavunja mguu wa kushoto uani, mbele ya majirani, nikieleza kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyeuliza swali. Nilidhani ni heshima.

Alhamisi, 10 Julai
Mama Hawa ameanguka na pikipiki, njia ya Wamaza. Mguu. Wa kushoto!

Ua wangu umejaa watu. Kamaldine alipiga kelele: tangu lini mtu aliyesoma anafunga bibi ya mwenzake ndani ya udongo? Mama Hawa mwenyewe, akiwa amebebwa juu ya kiti, hakujali uchawi. "Mwalimu, kweli mie niko na nyonga namna ile?" Nikaanza kufafanua. Faridah akaniziba mdomo kwa kitenge.

Chefu Ngoy, mkubwa wa kartie, mtaa wetu huu, akakata shauri: niurudishe mguu palepale, watu wote waone, la sivyo nihame kartie yake. Nimeugandisha kwa gundi ya fundi viatu.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya swala, Mama Hawa alitembea! Ulikuwa uvimbe tu, nesi alisema tangu jana. Nani anamsikiliza nesi? Mlangoni kwangu kuna foleni: mgongo, jino, mkwe asiyesalimia. Kila mmoja anataka sanamu yake.

Prefe ametuma ujumbe. Shule ya mapadri haiwezi kumpandisha mganga jukwaani. Kamaldine atazungumza.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa.

Jumamosi, 12 Julai
Makofi ya Kamaldine yamefika hadi hapa uani. Kwa ubao!

Lakini mtu mzima hujichunguza, na kosa langu nimeliona: nilieleza kwa ufupi mno. Tena sanamu moja haitoshi kumshawishi mtu, lazima alinganishe. Sasa Chefu Ngoy ana kichwa cha mviringo na shingo hana, Mjapani wa kale kabisa. Nitamfinyanga yeye. Nitavunja mkono mmoja tu, ule asioandikia, ili asipate neno.

Leo hii naenda kwa Chefu na kamba, nimpime kichwa.