Ufunguo wa Chumba cha Faili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nasimiyu amefanywa kaimu mkuu wa faili za wagonjwa. Nasimiyu! Mimi Zadock nina miaka kumi na mmoja katika hospitali hii ya Kangemi, yeye ana miwili. Kiti kile kilikuwa changu. Wivu? Ninao, tena umeninyima hamu ya chakula. Asubuhi akatuuliza sote tungependa kazi iende vipi. Bosi gani huuliza? Hata Mwololo, mfagiaji, alinunuliwa chai na mandazi. Mkuu wa kweli huogopwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeng'amua! Nguvu haiko kwenye cheo. Iko kwa anayejua faili ilipo. Zetu hupangwa kwa tarakimu mbili za mwisho za nambari ya mgonjwa, yeyote huzipata. Leo, wenzangu wakila, nimezipanga upya za kliniki ya sukari kwa mtaa wa mgonjwa: Waithaka juu, Kileleshwa katikati, Kangemi chini. Hakuna aliyeniona ila Mwololo na ufagio wake, aliyenishikia ngazi. Watanibembeleza.

Jumatano, 5 Machi

Raha! Wenzangu walitafuta wakachoka. Daktari Muigai akaniulizia kwa sauti. Nikaja polepole, nikachomoa faili moja baada ya nyingine. Nasimiyu akanishukuru mbele ya watu. Kilichoniudhi ni kwamba alishukuru kwa moyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mama mkwe alikuja kupimwa sukari, hajala tangu jana. Anaishi Waithaka. Nilipekua Waithaka saa mbili nzima, faili hakuna. Nasimiyu akaketi naye, akamuuliza taratibu. Mama akasema mkwewe ndiye aliyemwandikisha, akajaza Kileleshwa, mtaa wa matajiri, ili aonekane ana wakwe wa maana. Foleni nzima ikacheka. Mwololo naye akasema alinisaidia kushika ngazi nikipanga hayo mambo ya mitaa. Chai ile! Faili ikatoka rafu ya katikati. Mama mkwe kaniambia njaa hii hataisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Nasimiyu hakufoka. Aliniomba nizirudishe zote, peke yangu, akanipa ufunguo wa chumba kwa wiki mbili. Eti ananiamini. Ufunguo! Ananiogopa, ndiyo maana. Kosa langu lilikuwa mitaa: watu huhama, watu hudanganya. Safari hii nitapanga kwa mwezi wa kuzaliwa. Mama mkwe hajui wake. Nitamwekea Desemba, mwezi wa heshima.