Mdomo wa Kisogoni

Jumatano, 5 Juni 2024
Leo tena! Nimetoka kibaruani, nikapitia Bombolulu kwa Philister mkaanga samaki. Changu mzima, chapati mbili. Nikafuta midomo, nikatafuna karafuu, nikaingia nyumbani Junda na uso wa njaa. Nyevu, mke wangu, akapakua sima, mchicha na kipande cha papa. Kimoja tu. Akasema nile mimi, yeye ameshiba. Nimekila. Mume akikataa chakula ataulizwa alikula wapi.

Ijumaa, 7 Juni
Jumapili ni siku ya wanandoa kanisani. Kila mume asimulie kisa cha ndoa. Mshindi atapewa chakula cha watu wawili hotelini Nyali. Chakula! Nitasimulia cha bibi yangu mzaa baba: msichana alikataa wachumba wote, akaolewa na kijana mzuri mwenye nywele tele. Kumbe zimwi! Kisogoni ana mdomo wa pili. Wa mbele unabembeleza, wa nyuma unakula, mpaka ukamla mke mwenyewe. Funzo: wanawake, msifuate sura. Nilipofanya mazoezi, Nyevu akauliza yule mke naye alikuwa akila nini. Nikamwambia bibi hakusema.

Jumapili, 9 Juni
Aibu! Nilianza vizuri, watoto wakajificha kwa mama zao. Nikauliza kwa madaha: je, mdomo wa nyuma ulishibia wapi? Philister (sikujua amehamia kanisa letu!) akajibu kwa furaha kwamba ni kwake Bombolulu, changu na chapati mbili, kila jioni. Kanisa likaangua kicheko. Nyevu hakucheka. Dada yake, Dama, akasimama akasema Nyevu hulalia chai kavu ili mimi nipate kipande. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 10 Juni
Zawadi amepewa Nyevu. Amekwenda Nyali na Dama. Ameniachia sahani imefunikwa. Sima. Na kipande cha papa! Afadhali angenitukana. Nimekula nikilia. Nimeapa: kwa Philister sikanyagi tena.

Jumanne, 11 Juni
Kiapo nimekitimiza. Nimempata Mwanatatu, muuza viazi vya karai. Nikamuuliza kwanza anasali wapi. Msikitini. Alhamdulillahi! Nikala sahani moja, nyingine nikaomba afunge, ya Nyevu. Mume mwema hufanya hivyo. Njiani vikaanza kupoa. Viazi vikipoa havina ladha, nami sikutaka kumpa mke wangu kitu kibaya.

Nimetafuna karafuu mbili.